Kusema Kabla ya Kushika Usukani: Mtihani wa Udereva Katika Pwani ya Kilifi

Utangulizi

Waswahili husema kuwa ajali haina kinga. Methali hii husikika mara kwa mara kandokando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, aghalabu baada ya gari kupinduka au mwendesha pikipiki kugongwa, na hutamkwa kwa sauti ya kujisalimisha, kana kwamba gari lilijiendesha lenyewe. Hata hivyo, sheria humtaka kila mtu anayekusudia kuendesha gari atahiniwe kwanza na kuthibitishwa kuwa anafaa. Kitendo hicho cha kutahini ni pingamizi kwa methali hiyo. Ikiwa ajali haina kinga kabisa, mtihani ni wa nini?

Makala haya yanafafanua jinsi mtahiniwa anavyojiandaa kwa mtihani wa udereva wa vitendo, hususan katika Kaunti ya Kilifi, na jinsi mtihani wenyewe unavyoendeshwa nchini Kenya. Hali kadhalika, yanachunguza nafasi ya lugha katika shughuli hiyo. Hoja inayojengwa ni kuwa mtihani huu, ijapokuwa huitwa wa vitendo, huanza kwa maneno. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mtahiniwa hutakiwa kueleza atakalolitenda na sababu ya kulitenda. Anayekariri maneno asiyoyaelewa anaweza kufaulu mbele ya mtahini, lakini barabara itamuuliza swali lile lile siku nyingine, na siku hiyo hakutakuwa na nafasi ya kurudia.

Chimbuko la Mtihani wa Udereva

Wazo la kumtahini dereva lina umri unaokaribia ule wa gari. Mnamo mwaka wa 1893, polisi wa jiji la Paris nchini Ufaransa walianza kumdai kila mwendesha gari cheti cha kuonyesha kuwa analimudu. Nchini Uingereza, mtihani wa udereva ulifanywa kuwa wa lazima mwaka wa 1935, baada ya magari kuongezeka na vifo vya barabarani kutisha. Kenya ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza ilirithi mengi ya desturi hizo: kuendesha upande wa kushoto wa barabara, kibao chenye herufi L kwa mwanafunzi, na sharti la mtihani kabla ya leseni. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, asili yake ni miaka ya 1950, na ingawa imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, bado ndiyo nguzo ya mambo yote ya barabarani.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, kazi ya kuwatahini madereva ilikuwa mikononi mwa polisi. Mabadiliko makubwa yalikuja kwa awamu. Mwaka wa 2003, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitangaza kanuni zilizowalazimu wenye matatu na mabasi kuweka mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na utekelezaji wake ukaanza mwaka wa 2004. Mwaka wa 2012, sheria ilipitishwa ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, ambayo wengi huijua kwa kifupisho cha NTSA, nayo ikapewa jukumu la leseni na mitihani. Mwaka wa 2020 zikatolewa kanuni mpya kuhusu shule za udereva, walimu wa udereva na leseni. Mwelekeo wa hatua hizo zote ni mmoja, nao ni kumtazama dereva kama mtu aliyefundishwa kazi yenye taratibu, badala ya mtu aliyezoea gari tu.

Barabara ya Kilifi Kama Darasa

Mwanafunzi wa udereva katika kaunti hii ana darasa gumu. Barabara kuu ya Pwani huingia Mtwapa, ikapita Kikambala na Vipingo, ikavuka Daraja la Kilifi, kisha ikaendelea kupitia Tezo, Matsangoni na Gede hadi Malindi. Ndani ya masafa hayo, mwanafunzi hukutana na malori yanayobeba saruji na mkonge, matatu zinazoshindania abiria, tuktuk, bodaboda, mikokoteni ya maji, mbuzi waliokosa mchungaji na watoto wa shule wanaovuka kwa makundi. Kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya Mto Sabaki, kuna malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Katika njia panda ya Gede, magari ya kutoka Watamu huingia barabara kuu. Huko Mavueni, barabara ya kutoka Kaloleni huungana na ile ya Mombasa. Kila mahali pa aina hii pana kanuni yake, na kila kanuni ina neno lake.

Yafaa kutaja hapa neno moja linalobeba historia ya eneo zima, nalo ni kivuko. Kabla ya Daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka wa 1991, msafiri wa Malindi alilazimika kusubiri feri ili avuke mkono wa bahari kati ya Mnarani na mji wa Kilifi. Kivuko kilikuwa pahali pa kungoja zamu. Leo neno hilo hilo hutajwa katika masomo ya udereva kwa maana ya mahali palipochorwa mistari myeupe ili waenda kwa miguu wavuke. Maana imesogea kutoka majini hadi kwenye lami, ila kiini chake hakijabadilika. Penye kivuko, mwenye chombo husubiri.

Kusubiri huko si jambo la adabu tu. Takwimu za NTSA za miaka ya 2021, 2022 na 2023 zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 walifariki kila mwaka katika barabara za Kenya. Kundi lililopoteza watu wengi zaidi ni la waenda kwa miguu, likifuatwa na la wanaosafiri kwa pikipiki. Maana yake ni kuwa anayekufa mara nyingi siye aliyeshika usukani. Mtihani wa udereva, kwa hivyo, haumlindi mtahiniwa peke yake. Unamlinda mama anayevuka pale Tezo akiwa na ndoo kichwani, ambaye hatawahi kuomba leseni maishani mwake.

Maandalizi Kabla ya Siku ya Mtihani

Hatua ya kwanza ni kujisajili katika shule ya udereva iliyoidhinishwa na NTSA. Kuidhinishwa huku ni muhimu, kwa kuwa mafunzo ya kufundishwa na jirani uwanjani, hata yakiwa mazuri, hayamfikishi mtu kwenye mtihani. Mwanafunzi huwa na kitambulisho cha kitaifa, na umri wake kwa gari la kawaida usiwe chini ya miaka 18. Baada ya hapo huomba leseni ya muda ya mwanafunzi kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Leseni hiyo humruhusu kujifunza barabarani akiwa na mwalimu kando yake, huku gari likiwa limebandikwa kibao cha L mbele na nyuma.

Hatua ya pili ni kuchagua daraja la leseni. Madaraja hayo hupangwa kwa herufi na tarakimu, na mwanafunzi asipoyaelewa anaweza kujifunza kitu kisha akatahiniwa kwa kingine. Kundi la A ni la pikipiki, na A3 ndilo la wanaobeba abiria kwa bodaboda na la vyombo vya magurudumu matatu. Kundi la B ni la magari madogo: B1 ni la gari lisilohitaji kubadilisha gia kwa mkono, na B2 ni la gari la kawaida lenye klachi. Kundi la C ni la malori, na D ni la matatu na mabasi. Kijana wa Malindi anayetaka kuendesha tuktuk hahitaji B2, na mwenye B1 haruhusiwi kuendesha gari lenye klachi eti kwa sababu magari yote ni magari.

Hatua ya tatu ni kulifahamu gari lenyewe. Mtahini anaweza kumtaka mtahiniwa aeleze anachokagua kabla ya kuwasha injini. Jibu lililopangwa vizuri huanza nje na kuishia ndani. Nje hukaguliwa matairi, taa, vioo na uvujaji wa mafuta au maji chini ya gari. Chini ya boneti hukaguliwa oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Ndani hurekebishwa kiti, kioo cha ndani na vioo vya pembeni, hufungwa mkanda wa usalama, na gia huhakikishwa kuwa imekaa huru. Mpangilio huu una mantiki yake, maana kioo kikirekebishwa kabla ya kiti, itabidi kirekebishwe tena.

Hatua ya nne ni mazoezi. Katika shule nyingi mwanafunzi huanzia uwanjani, ambako hujifunza kuachia klachi polepole bila gari kuruka au kuzimika, kubadilisha gia, kurudi nyuma na kuegesha. Baadaye huingia barabara ndogo, kisha barabara kuu. Sehemu kubwa ya Kilifi karibu na bahari ni tambarare, kwa hivyo zoezi la kuondoka mlimani huwatatiza wengi. Inafaa mwanafunzi aombe kupelekwa kwenye miinuko, kwa mfano upande wa Kaloleni, ajifunze kulizuia gari kwa breki ya mkono, kutia gia ya kwanza, kuinua klachi hadi ahisi gari linajikaza, kuongeza mafuta kidogo, ndipo aachie breki ya mkono. Asiyefanya zoezi hili mapema hulijua kosa lake akiwa tayari anateremka kinyumenyume.

Mji Ulio Juu ya Ubao

Sehemu ya mtihani inayowashangaza wageni, na inayowatia hofu wenyeji, ni ile ya ubao. Hiki ni kielelezo cha mji kilichochorwa juu ya meza au ubao mpana. Kina barabara kuu na ndogo, njia panda, mizunguko, taa za kuongozea magari, barabara za upande mmoja, maegesho, hospitali, shule na soko. Mtahiniwa hupewa gari dogo la mfano na kuambiwa alipeleke mahali fulani huku akieleza kila hatua. Mazungumzo huwa mafupi.

"Uko hapa sokoni. Nipeleke hospitalini."

"Naam, bwana. Natazama vioo, naonyesha ishara ya kulia, nahakikisha hakuna anayenipita, kisha natoka pembeni. Nashika upande wa kushoto. Nakaribia njia panda, hapa pana alama ya kusimama, kwa hivyo nasimama kabisa."

"Na kama hakuna gari lolote?"

"Nasimama vilevile."

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha kukariri na kuelewa. Alama ya kusimama, yenye pembe nane na rangi nyekundu, haimwachii dereva uamuzi. Alama ya kupisha, ambayo ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, humtaka apunguze mwendo na asimame tu iwapo kuna anayestahili kupishwa. Mtahiniwa aliyejifunza alama kama picha za kukariri huzichanganya hizi mbili. Aliyejifunza kuwa kila umbo lina maana yake hachanganyikiwi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya. Duara huamuru au hukataza. Mstatili hutoa habari. Kwa kuyajua maumbo haya matatu, mtahiniwa anaweza kukisia maana ya alama ambayo hajawahi kuiona.

Mzunguko nao una taratibu zake. Kwa kuwa Kenya huendesha upande wa kushoto, magari huuzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na anayeingia humpisha aliyekwisha kuwa ndani, anayemjia kutoka kulia. Anayetaka kutokea kushoto mara moja huonyesha ishara ya kushoto na kushika njia ya kushoto. Anayetaka kwenda kulia huonyesha ishara ya kulia, hushika njia ya ndani, kisha hubadilisha ishara kuwa ya kushoto anapokaribia kutoka. Kosa la kawaida ni kusahau ishara hiyo ya mwisho. Juu ya ubao kosa hilo ni alama zilizopotea, ilhali barabarani ni gari jingine lililobaki likikisia.

Katika Gari Pamoja na Mtahini

Baada ya ubao na maswali ya alama, mtahiniwa huingia garini. Hapa mtahini huangalia iwapo yale yaliyosemwa mezani yamefika mikononi na miguuni. Mtahiniwa hufunga mkanda, hurekebisha vioo, huwasha gari, hutazama na kuonyesha ishara, ndipo huondoka. Katika muda mfupi ataombwa kubadilisha gia, kukata kona, kusimama, kurudi nyuma, kuegesha, na pengine kuondoka penye mwinuko.

Mambo matatu huwaangusha watahiniwa wengi wanaojua kuendesha. La kwanza ni macho. Mtahiniwa anaweza kuwa anatazama vioo kwa kupepesa jicho tu, na mtahini asiweze kujua. Inafaa kichwa kigeuke kidogo ili utazamaji uonekane. La pili ni mwendo. Ndani ya miji na vituo vya biashara sheria huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, gari hupita takriban mita 14 kwa kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya matatu iliyosimama, na dereva akachukua sekunde moja tu kutambua na kukanyaga breki, gari litakuwa limekwisha kwenda mita hizo 14 kabla hata halijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 80, mita hizo huwa 22. Hesabu hii ndogo hueleza kwa nini kikomo kimewekwa, na anayeielewa hahitaji kuogopa polisi ndipo akitii.

La tatu ni woga. Gari likizimika, mtahiniwa mwenye pupa huwasha tena likiwa ndani ya gia, likaruka, naye akapoteza utulivu wote. Aliyeandaliwa hukanyaga breki, hurejesha gia huru, huvuta breki ya mkono, huwasha, hutazama vioo na kuanza upya kama kwamba hakuna lililotokea. Walimu wakongwe wa udereva wana msemo wa kuwatuliza wanafunzi wao: "Mwanangu, kawia ufike." Methali hiyo ya kale iliwahusu wasafiri wa miguu na wa majini, lakini hakuna inayofaa zaidi ndani ya gari lenye kibao cha L.

Lipo pia jaribio ambalo halimo katika mtaala. Mkono mtupu haulambwi, husema wanaotafuta njia ya mkato, na kwa muda mrefu watu wamelalamika kuwa kuna leseni zinazonunuliwa. Ni muhimu kuelewa kinachonunuliwa hasa. Anayetoa mlungula ili asitahiniwe hanunui ujuzi. Ananunua ruhusa ya kuingia barabarani bila ujuzi, na gharama yake hulipwa na mwingine.

Lugha ya Usukani

Wanafunzi wa Kiswahili watapata katika gari hazina kubwa ya msamiati inayoonyesha jinsi lugha inavyopokea maarifa mapya. Neno gari limetoka Bara Hindi. Dereva, breki, gia, klachi, tairi, honi na leseni yametoka Kiingereza na kutoholewa hadi yakaingia katika ngeli na kunyambulika: dereva huzaa udereva, leseni huwa na umoja na wingi kama maneno mengine ya ngeli yake. Usukani, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Lilitaja kifaa cha kuelekezea chombo baharini. Nauli na abiria pia ni maneno yaliyozoeleka bandarini kabla ya kupanda matatu. Mkaazi wa Pwani alipoona gari kwa mara ya kwanza hakuwa mtupu wa maneno. Aliyachukua ya jahazi akayapeleka barabarani.

Maneno mengine yametoka shambani. Matuta, ambayo mkulima huyainua ili apande viazi, ndiyo yanayompunguzia dereva mwendo karibu na shule. Kulia ni upande wa mkono wa kula, na mwalimu wa udereva anapomwona mwanafunzi akichanganya kulia na kushoto kwa hofu, humkumbusha kwa swali moja tu: "Unakula kwa mkono gani?" Nchini Tanzania, vibao vya Kiingereza vilivyomwagiza dereva ashike kushoto kwenye mzunguko vilizaa jina la mzunguko wenyewe, kipilefti. Kwa kuwa neno hilo linaanza kwa ki-, wasemaji waliliingiza katika ngeli ya KI-VI na wingi wake ukawa vipilefti. Mfano huu hutajwa sana katika madarasa ya isimu, lakini una funzo kwa dereva pia. Watu huipa maana amri ya barabarani kwa lugha yao wenyewe, hata wakati kibao kimeandikwa kwa nyingine.

Hapa ndipo tatizo halisi lilipo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, Sheria ya Trafiki imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Ganze au Magarini huelezwa jambo kwa Kiswahili, pengine kwa Kigiriama, akalielewa, kisha hukariri jina lake kwa Kiingereza ili alitamke mbele ya mtahini. Matokeo yake ni ya aina mbili. Yuko anayejua kabisa la kufanya penye njia panda lakini akababaika ubaoni kwa sababu jina limemponyoka. Na yuko anayelitamka jina kwa ufasaha bila kujua linamtaka afanye nini. Wa kwanza huonewa na mtihani. Wa pili huwaonea watu wote atakaokutana nao.

Suluhisho halimo katika kuyafukuza maneno ya Kiingereza. Breki itabaki breki, na hakuna atakayekanyaga istilahi mpya wakati mbuzi amekatiza njia. Kinachohitajika ni maelezo kamili ya Kiswahili kwa kila alama na kila kanuni, yaliyoandikwa kwa lugha sahili na kukubaliwa na walimu na watahini kwa pamoja. Alama moja isiitwe pisha Malindi, ikaitwa mpe nafasi Mtwapa, na jina jingine mbele ya mtahini. Kazi ya kusanifisha istilahi ni kazi ya wanaisimu, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuianza kwa kukusanya maneno yanayotumiwa na walimu wa udereva katika maeneo yao, kuyalinganisha na kuyapendekeza. Utafiti wa namna hii hauhitaji safari ya mbali. Katika mji wa Kilifi kuna mtaa uitwao Kibaoni, jina ambalo ni kibao katika umbo la mahali. Wenyeji wa Pwani wamekuwa wakipaita mahali kwa ishara iliyosimama pale. Kilichosalia ni kuhakikisha kuwa anayepita pale anaelewa ishara inasema nini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa maandalizi ya mtihani wa udereva huanza kwa kujisajili mahali panapofaa na kuchagua daraja sahihi la leseni, yakaendelea kwa kulifahamu gari, kufanya mazoezi ya kutosha, kuelewa maumbo ya alama na kuzoea kueleza hatua kabla ya kuzichukua. Yameonyesha pia kuwa ubao wa mji wa mfano si kikwazo kilichowekwa ili kuwasumbua watahiniwa. Ni njia ya kujua iwapo akili imefika mahali kabla ya gari kufika.

Tukirejea methali ya mwanzo, ni kweli kuwa zipo ajali zisizozuilika. Tairi hupasuka, mvua ya masika hufunika lami, mnyama huchomoka kichakani. Lakini dereva aliyepunguza mwendo alipouona mtaa, aliyesimama penye alama ya kusimama japo barabara ilikuwa tupu, na aliyesubiri kivukoni hadi mtu wa mwisho akamaliza kuvuka, amekwisha kuikinga ajali ambayo hakuna mtu atakayeisimulia, kwa kuwa haikutokea. Mtihani hufanywa kwa ajili ya ajali za namna hiyo.